Mshono wa Mlangoni

Mama Dorice anasema aliona kwa macho yake mwenyewe. Anasema alikuwa anatoka mashineni Nsemulwa, ndoo ya unga kichwani, akapita mbele ya nyumba ya Verdiana. Pale mlangoni, mchana kweupe, mume wangu Ubaldo alikuwa amekaa kwenye kigoda, amenyoosha mkono wa kushoto. Mkono umevaa kiganja. Na Verdiana amepiga magoti mbele yake, shazia mkononi, anakishona kile kiganja kikiwa mkononi mwa Ubaldo hivyo hivyo.

"Hakukivua?" nikamwuliza.

"Akivue kwa nini, wakati utamu ulikuwa humo humo? Sindano inapita hapa, kidole kipo hapa. Uzi ukigoma, Verdiana anauvuta kwa meno. Na kicheko, Kabula! Kicheko nilikisikia tangu kisimani."

"Walikuwa wanacheka?"

"Nimekwambia kicheko. Au unataka nikichekee hapa ukisikie?"

Nyumba yetu na ya Mama Dorice, huku Kawajense, zinatengwa na ua wa mabua tu. Maneno yake ni kama mchele wa sokoni, lazima uyapepete, ila ukishapepeta mchele unaupata. Nilikuwa namenya karanga. Nikaendelea kumenya. Mimi nimezaliwa kwenye boma la ng'ombe, na mchungaji anajifunza mapema kuangalia bila kukimbia. Ng'ombe akielekea shamba la mtu, ukimkimbilia ndiyo kwanza anaingia.

"Na kuna jambo wewe Msukuma hulijui," Mama Dorice akaendelea, akashusha sauti, ingawa tulikuwa wenyewe. "Hawa warina asali wana mambo yao. Kwenye ukoo wa mume wako, mjane akimshonea ndugu wa marehemu kifaa cha kazi, hilo ni neno zito. Neno la kikao."

"Neno gani?"

"Neno gani tena, mama? Mwanamke anamshonea mwanaume mlangoni kwake, watu wanapita wanaona. Wewe unafikiri yule ni fundi viatu? Amemchagua! Jumamosi wanaondoa matanga ya Fortunatus. Fagia nyumba, unapata mwenzio."

Mama Dorice ni Mfipa wa Sumbawanga, lakini amekaa Mpanda miaka mingi kuliko mimi, na watu anawajua. Nilimwamini. Akanyanyua ndoo yake, akaondoka anasikitika kwa mdomo na kufurahi kwa mabega.

Kilichonichoma zaidi hakikuwa magoti ya Verdiana. Ubaldo aliniambia kiganja amekisahau kambini, kule msitu wa Mlele.

Nikieleze hicho kiganja, maana mtu asiyekijua atashangaa wanawake wanagombania nini.

Kilikuja na treni, ndani ya robota la mitumba. Siku lilipofunguliwa pale sokoni nilikuwepo. Kati ya makoti na suruali likatoka lidude la ngozi ya kahawia, mkono wa kushoto peke yake, vidole vinene kama migomba michanga, na kati ya kidole gumba na cha pili kuna wavu wa mikanda ya ngozi. Watu walicheka. Mmoja akasema ni ya jini mwenye mkono mmoja. Mwingine akasema hiyo ni ya kumpigia mke kofi, akitua anatua Tabora. Ubaldo hakucheka. Alitia mkono wake, akakunja, akakunjua, akaniangalia. "Kabula, nyuki atapitia wapi hapa?"

Baadaye padri mmoja mgeni alimwona nacho kanisani, akafurahi mpaka machozi yakamtoka. Akatuambia ni glavu ya besiboli, mchezo wa kwao, mtu anadakia kampira kagumu kama jiwe. Ubaldo akamjibu, "Mimi nitadakia masega, baba." Na kweli. Juu ya mti, moshi wa kienge ukishawalegeza nyuki, anapeleka mkono wa kushoto ndani ya mzinga, sega linakaa kwenye lile shimo la kiganja kama chakula kwenye sahani, halivunjiki, na mwiba wa nyuki haufiki kwenye nyama. Warina wenzake waliomcheka sokoni wakaanza kumwomba awaazime. Hakumwazima mtu.

Ubaldo ndiye aliyekinunua, lakini aliyekifanya kiishi ni mimi. Akirudi msituni kimejaa asali, nta, na nyuki waliokufa, huwezi kukitumbukiza kwenye maji kama sufuria. Ngozi ukiilowanisha inakunywa, ikikauka inakuwa kigae. Nilikuwa nakwangua nta kwa kijiti, nafuta kwa kitambaa kilichokamuliwa, taratibu, kidole kimoja kimoja. Ndani nilikuwa najaza majani makavu yavute jasho. Nilikuwa nakianika kivulini, upande wa nyuma wa nyumba, jua lisikione na moto usikijue. Mwanzoni nilikipaka samli, kama baba yangu Nyanda alivyokuwa anapaka ngozi za kulalia. Ubaldo akarudi amevimba, anasema nyuki wanachukia harufu ya ng'ombe. Basi nikageuza. Nayeyusha nta, nachanganya na mafuta ya karanga, nasugua kwa vidole mpaka vidole vyenyewe vinapata moto. Mwisho naweka jiwe la mviringo nililolifunga kwa kitambaa katikati ya kiganja, nakikunja juu yake, nakifunga kamba, kilale hivyo, ili lile shimo lisipotee.

Ubaldo alikuwa anakaa karibu na kuangalia. Mtu asiyesema sana, mrefu, anajikunja kwenye kigoda mpaka magoti yanafika masikioni. Alikuwa ananiambia, "Kabula, mkono wangu wa kushoto ni wako." Tuna mwaka wa tatu katika ndoa, mtoto sijashika bado. Mwenye mtoto ana mtoto. Mimi nilikuwa na mkono wa kushoto.

Verdiana ana watoto wawili. Ana mwanya. Ana sauti ya kuitia watu kanisani, na akifunga khanga inakaa kama imepigwa pasi akiwa ndani yake. Alikuwa mke wa Fortunatus, kaka mkubwa wa Ubaldo, mrina asali ambaye watu bado wanamtaja. Homa ilimkuta Fortunatus kambini msimu uliopita, akaletwa kwa baiskeli, hakufika hospitali. Tangu hapo Ubaldo ndiye anayempelekea Verdiana kuni, ndiye anayeziba paa lake, ndiye anayepeleka dumu la asali ya watoto. Sikumzuia. Ni shemeji yake, na watoto ni damu yake. Ila niliona kwamba akienda Nsemulwa ananyoa ndevu kwanza, na akienda msituni kwa nyuki ambao ndio wanaomlisha, hanyoi.

Jioni ile ile ya maneno ya Mama Dorice alirudi na kiganja kwenye kapu la baiskeli.

"Kumbe kilikuwepo," nikasema.

"Kilikuwepo. Kilijificha chini ya magunia."

"Na pale kilipokatika? Wavu uliachia, na pembeni ya kidole gumba."

"Kimeshonwa."

"Na nani?"

"Kimeshonwa tu, Kabula."

Nikapakua ugali na kisamvu. Akamega tonge moja, akalizungusha kwenye vidole kama mtu anayetengeneza goroli, akalirudisha kwenye sahani. Nikauliza kama anaumwa. Akasema hapana. Nikauliza kama kisamvu hakina chumvi. Akasema kina chumvi. Sahani nikaitoa imejaa. Nikajisemea moyoni, mwanaume asiyekula kwake ameshiba kwingine.

Asubuhi alipokwenda sokoni na madumu yake, nilikichukua kiganja, nikakaa nacho kwenye kizingiti cha mlango wa nyuma.

Mshono ulikuwa mzuri. Nasema ukweli, nilitaka uwe mbaya. Ulikuwa umepita sawa sawa kwenye matundu ya zamani, umefungwa kwa ndani kidole kisikwaruzwe. Lakini haukuwa wa uzi wa dukani, wala ukanda wa ngozi. Ulikuwa uzi mweusi, wa magome, uliosokotwa. Nikaunusa. Ulinuka moshi na asali ya zamani. Nikajua umetoka wapi. Ulitoka kwenye kamba ya Fortunatus, ile ya kupandia, ambayo Verdiana anaitundika ukutani sebuleni kwake kama wengine wanavyotundika picha ya Bikira Maria. Nikasema, huyu mwanamke! Amechomoa uzi kwenye kamba ya mume wake aliyekufa amfungie mume wangu aliye hai.

Nikaleta wembe.

Sikufanya kwa hasira. Mtu mwenye hasira anakata ngozi. Niliinua kila mshono kwa ncha ya shazia, nikaupitisha wembe chini yake, nikauchomoa. Vipande nikaviweka kwenye mapaja yangu, vikawa rundo dogo jeusi kama nywele za mtu. Halafu nikaingia ndani, nikatoa ngozi ya mbuzi niliyoletewa na baba mwaka wa harusi. Nikakata ukanda kwa kuzunguka, kama mtu anavyomenya chungwa bila kuvunja ganda, upate mrefu. Nikaulowesha, nikauvuta, nikausugua kwa nta. Nikaanza kupitisha. Wavu nikaufuma upya, msalaba juu ya msalaba. Pembeni ya kidole gumba nikashona mshono wa kwetu, ule wa kurudi nyuma, ambao ukikatika mmoja mwingine unashika. Niliutia mkono wangu ndani wakati nafanya. Ndani kulikuwa na joto, nikawaza kama ni joto langu au la jana.

Nilipomaliza, rundo la nyuzi nikalitupa jikoni. Liliwaka haraka, kwa sababu ya nta. Jikoni kukanukia asali.

Mama Dorice akachungulia juu ya ua. "Unapika nini mwenzangu, mbona harufu tamu?"

"Napika wivu wa mtu," nikasema.

Akacheka mpaka akakohoa. "Pika, mama! Usisahau chumvi!"

Ubaldo alirudi mchana. Nilikuwa nimekiweka kiganja juu ya meza, wazi, akione kabla hajaniona. Alikitwaa. Akakigeuza. Akapitisha kidole pembeni ya gumba, akarudi, akapitisha tena.

"Umefumua," akasema.

"Nimefumua. Uzi wa magome utaoza kwa jasho. Nimetia ngozi."

"Wote?"

"Wote."

"Haukubaki hata mmoja?"

"Niubakize wa nini? Tafuta ukiuona."

Nilikuwa nimejiandaa kwa makelele. Nilikuwa na maneno yangu nimeyapanga vizuri kama kuni. Akaangalia mlangoni, halafu uso wake ukafunguka. Sijui niseme vipi. Kama mtu aliyebeba gunia mgongoni, watu wakamsaidia kulishusha. Akaniuliza, "Kuna chakula?" Nikapakua. Alikula ugali wote, akapangusa sahani kwa tonge la mwisho, akaomba uliobaki kwenye sufuria. Akanitania kwamba nimekonda, nile na mimi. Usiku nililala usingizi mzuri ambao sikuupata tangu Fortunatus azikwe.

Kesho yake baba mkubwa Gelasius akapita. Ni mzee wa ukoo wao, ndiye atakayekalia kiti Jumamosi. Hakutaka chai. Akasema, "Lete kile kiganja nikione." Ubaldo akampa. Mzee akakisogeza kwenye mwanga, akapapasa mikanda yangu, akatia pua ndani.

"Mbona sioni?" akamwuliza Ubaldo.

"Hakuna, baba," Ubaldo akajibu.

"Lakini nilisikia."

"Watu wanasema mengi."

Mzee akamwangalia, akaniangalia mimi, akarudisha kiganja. "Haya. Basi imekuwa hivyo." Akaondoka na fimbo yake. Mimi nilikuwa nachambua mboga. Nilisikia kila neno, nikaona ni maneno ya wanaume. Nikaona hata vizuri, mzee ameona kazi ya mikono yangu.

Nikamwambia Mama Dorice juu ya ua, "Yule fundi wako wa Nsemulwa amekosa kazi."

"Umemweza!" akasema. "Kweli Msukuma si mtu wa kuchezea."

Ijumaa asubuhi, Ubaldo yuko kwenye mizinga ya karibu, nikasikia hodi. Sauti niliijua kabla sijageuka.

"Karibu, dada," nikasema, kwa sababu mgeni ni mgeni.

Verdiana aliingia uani, amejifunga khanga ya msiba, kapu begani. Nikampa kigoda. Hakukaa. Akaangalia kamba ya kuanikia, akaangalia kivuli cha nyuma ya nyumba, akakiona kiganja kimelala pale kimekunjwa juu ya jiwe lake.

"Mdogo wangu," akasema, "uzi wangu umeupeleka wapi?"

"Uzi gani?"

"Kabula. Usinifanye mtoto. Baba mkubwa Gelasius amekuja kwangu jana. Anasema kwenye kiganja hakuna uzi. Nimeushona kwa mikono yangu, nusu ya Nsemulwa imeona."

"Ndiyo, wameona," nikasema. Sasa maneno yangu ya kuni yakaanza kuwaka. "Wameona umempigia magoti mume wangu. Wameona mnacheka. Ulitaka nikuletee na zawadi? Kiganja kile mwenye kukishona ni mimi. Kama unataka mume, dada, sema unataka mume, usizunguke na sindano."

Upande wa pili wa ua, kinu cha Mama Dorice kikanyamaza.

Verdiana akakaa. Akakaa chini kabisa, kwenye mchanga, kigoda akakiacha pembeni.

"Nani kakwambia namtaka mume?"

"Si ni mambo ya kwenu? Mjane akishona amechagua."

"Nani kakwambia?"

Macho yangu yalikwenda kwenye ua. Verdiana akaugeukia ule ua wa mabua, akasema kwa sauti yake ya kanisani, "Mama Dorice, ya Sumbawanga unayajua. Ya kwetu uliza kwanza." Kisha akanigeukia, akashusha sauti.

"Sikiliza, mdogo wangu. Kwenye ukoo huu kamba ya mrina ndiyo yeye mwenyewe. Amepandia miti yote kwayo, maisha yake yote yalining'inia hapo. Akifa, mke anaitunza. Siku ya kuondoa matanga, kama kamba bado nzima, mzee anaichukua anamkabidhi ndugu wa marehemu, na anayekabidhiwa kamba anakabidhiwa pia aliyeitunza. Umenielewa? Mimi na kamba ni mzigo mmoja. Padri anasema lake kanisani, wao wanasema lao kikaoni. Lakini mjane ana mlango wake mmoja. Akichomoa uzi kwenye ile kamba, akamshonea huyo ndugu kifaa chake cha kurinia, mkono ukiwa ndani, mlangoni, mchana, watu wakipita, amesema hivi: chukua kazi ya kaka yako, mimi niache."

Nilisimama na sufuria mkononi. Sikujua nimeishika tangu saa ngapi.

"Mimi naenda Kapalamsenga, kule ziwani," akasema. "Dada yangu yuko kule, anakausha dagaa. Nakwenda na wanangu. Simtaki mume wako, Kabula. Ni mtu mzuri, amenizibia paa, Mungu ambariki. Simtaki."

Mtu angefikiri nitafurahi. Sijui moyo wangu umetengenezwa na nini. Nilisikia wivu mwingine, mpya, ambao sikuwahi kuuona. Kitu ninachokilinda mimi kwa nta na mafuta, kwa kuamka na kulala, yeye anakisogeza pembeni kama kikombe ambacho hana kiu nacho.

"Kama humtaki," nikasema, "mlikuwa mnachekea nini?"

"Nani alicheka?"

"Nyie."

"Nilicheka mimi," Verdiana akasema. "Tangu Fortunatus afe sikuwa nimecheka. Nilivyofunga fundo la mwisho nikasikia nimetua mzigo, nikacheka peke yangu kama mwehu. Yeye hakucheka. Nilimchoma kidole gumba kwa bahati mbaya, damu ikatoka, hata hakushtuka. Alikuwa anaangalia chini. Muulize."

Sikuhitaji kumwuliza. Niliziona sahani mbili. Ile iliyorudi imejaa, siku aliyoambiwa 'mimi niache'. Na ile aliyoipangusa kwa tonge, siku nilipomwambia nimefumua wote, haukubaki hata mmoja. Nikasikia tena, "Hakuna, baba." Alijua maana yake. Mzee alimwuliza mbele yangu, na alijua, na alisema hakuna. Hakuongopa. Mimi ndiye niliyempa huo ukweli wa kusema.

Verdiana akafungua kapu. Kamba ilikuwa ndani, nyeusi, imeviringwa, na mwisho wake umefumuka pale alipochomoa.

"Baba mkubwa anasema uzi ukichomolewa bila kuonekana kwenye kifaa, ni kamba iliyochakaa tu. Kesho watanipa pamoja nayo. Lakini leo bado. Uzi upo, sindano ipo. Aje kwangu leo, jua likiwepo, akivae, akae pale mlangoni."

"Kichukue," nikasema. "Kiganja kile pale. Kishone hapa hapa."

"Bila mkono ndani? Huo ni ushonaji wa viraka. Lazima mkono wake, Kabula. Na lazima aje kwa miguu yake."

"Si umwite kama ulivyomwita."

"Mwanzo nilimwita, akaja mbio. Akanyoa na ndevu." Akaniangalia, na nikaona kwamba na yeye aliziona zile ndevu, na zilimtia aibu. "Nikimwita mara ya pili watasema namwita kwa jingine. Wewe ni mke. Mwambie wewe."

Akasimama, akapangusa mchanga. Alipofika kwenye njia akageuka. "Mikanda yako ni mizuri," akasema. "Sitaikata. Nitapitisha uzi pembeni yake."

Nikabaki na kiganja. Nilikifungua, nikalitoa jiwe. Nikakipaka, ingawa hakikuhitaji. Kinu cha Mama Dorice hakikurudi kutwanga.

Ubaldo alirudi jua likiwa bado juu kidogo ya paa la jirani. Baiskeli akaiegemeza ukutani. Nilimwekea maji, akanawa mikono, uso, shingo. Nikaona kovu dogo jekundu kwenye gumba la kushoto. Nilikuwa nimeliona tangu ile jioni, nikafikiri ni nyuki.

Nikamletea kiganja.

"Verdiana amekuja," nikasema.

Akaacha kujifuta.

"Nimeelewa nilichofumua. Hukuniambia."

"Hukuniuliza."

"Nilikuuliza nani kashona. Ubaldo, mume wangu, sitaki tugombane. Nenda Nsemulwa sasa hivi, jua bado lipo. Kivae, kaa pale mlangoni kwake, nyoosha mkono. Apige magoti ashone, nusu ya mji ipite ione. Nakuomba mimi mke wako. Ukitaka nitatembea na wewe mpaka kwenye kona nisubiri."

Nilijisikia nikisema hayo. Ni mimi, Kabula wa Nyanda, namwomba mume wangu aende akakae mlangoni kwa yule mwanamke mwenye mwanya.

Akatia mkono ndani ya kiganja. Akakunja, akakunjua. Ngozi haikulia hata kidogo, nilikuwa nimeilainisha vizuri.

"Umekilainisha," akasema.

"Nimekuomba kitu, Ubaldo."

Akakaa kwenye kigoda chake, magoti yakapanda. Kivuli cha paa kilikuwa kimefika kwenye miguu ya baiskeli. Upande wa pili wa ua hapakuwa na sauti yoyote, hata kikohozi. Yeye akawa anafungua kile kiganja na kukikunja, anafungua na kukunja, macho yako kwenye mikanda yangu ya mbuzi, kama mtu anayesubiri kudaka kitu ambacho bado hakijarushwa.

"Utaenda?" nikamwuliza tena.